Kichwa cha ukurasa wa korosho za mama mdogo

Msimu uliopita simu ya mama mdogo iliita alfajiri, mtu wa mbali akiuliza ana tani ngapi. Tani! Mama mdogo anabangua korosho uani kwake hapa Mtwara mjini, yeye na wenzake wanne, na anauza kwa kilo. Mpigaji alitaka korosho ghafi, na huku kwetu kila mtu anajua ghafi zinapitia chama cha msingi, stakabadhi ghalani, kisha mnadani. Nje ya hapo ni kangomba, yaani biashara ya magendo ya korosho ghafi, na mama mdogo hataki hata kulisikia neno hilo. Wiki ile zilikuja simu nne za namna hiyo, na wote walitupata Google.

Kosa lilikuwa langu. Tovuti niliitengeneza mimi, na kurasa zote sita nilizipa kichwa kimoja: "Karibu kwenye tovuti yetu ya korosho bora kutoka Mtwara, Tanzania". Hicho ndicho mtu anachokiona kwa maandishi makubwa akitafuta, na hakisemi kama tunauza ghafi au zilizobanguliwa, kilo au gunia. Kichwa kikizidi nafasi iliyopo Google hukikata na kuweka nukta tatu, kwa hiyo maneno ya mwanzo ndiyo yenye uhakika wa kusomwa. Ya kwetu yalikuwa "Karibu kwenye tovuti yetu".

Nikamsomea mama mdogo. Akauliza, "Mwanangu, mtu akibisha hodi hapa anasemaje?"

Anasema: shikamoo mama, korosho zipo? Nzima au vipande? Kilo bei gani? Basi nikaandika hayo. Ukurasa mkuu sasa unaitwa "Korosho zilizobanguliwa, kilo 1 hadi 20 – Mtwara". Ni herufi 48, ukihesabu na nafasi na alama. Google haijaweka idadi maalum ya herufi, kinachoamua ni upana wa kioo, ila mimi najizuia nisivuke 60. Kiswahili kinabana hapo: "zilizobanguliwa" peke yake limekula herufi 15. Nililifuta mara mbili nikalirudisha, maana ndilo linalomwambia mtu wa tani kwamba amekosea mlango. Nililolitupa ni "bora". Kila muuza korosho anaandika bora.

Kurasa nyingine nazo zikapata vichwa vyao. Ya vipande inataja vipande, ya mawasiliano inasema "Namba za simu na mahali tulipo, Mtwara mjini".

Halafu kuna maelezo mafupi, yale ya chini ya kichwa. Hayakupandishi kwenye orodha. Kazi yake ni kumfanya mtu abonyeze. Niliandika hivi: "Tunabangua kwa mkono. Nzima na vipande, za chumvi na zisizo na chumvi. Tunatuma Dar es Salaam kwa basi." Mara nyingine Google inayaacha na kuchota sentensi ndani ya ukurasa, ikiona inajibu swali vizuri zaidi. Hata kichwa inaweza kukibadilisha. Ndiyo maana nikasafisha pia aya ya kwanza ya kila ukurasa, iseme kilekile.

Ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali msomaji hapaoni, kuna sehemu ya maneno muhimu ambayo watu bado wanaijaza korosho, korosho Mtwara, korosho Tanzania. Google ilishasema tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nimeifuta.

Mabadiliko hayakuonekana siku ileile, kwa sababu lazima Google irudi kuzisoma kurasa upya. Sasa naingia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, kuangalia watu wanaandika nini hadi wanatuona, na kinachojirudia ni "bei ya korosho kilo moja". Hatuna ukurasa unaolijibu hilo. Mama mdogo anasita kutangaza bei kwa kuwa inapanda na kushuka na msimu. Namwomba aniruhusu niiweke pamoja na tarehe, tuwe tunaibadilisha kila anapopanga bei mpya. Jioni hii nakwenda kwake na daftari.