Si Aibu Kupaa Tena

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umeniruka. Mdogo wangu yuko mbioni kusafiri kwenda Ujerumani kwa masomo, na usiku nimekuwa nikitazama video za ndege zinazotua kwenye upepo mkali wa ubavuni. Ziko nyingi. Tarehe 18 Februari 2022, dhoruba Eunice ilipoipiga Uingereza, maelfu ya watu walifuatilia moja kwa moja ndege zikihangaika kutua kwenye uwanja wa Heathrow, London. Ndege inakuja pua ikiwa imegeuzwa kuelekea upepo unakotoka, ili isisukumwe nje ya njia. Abiria wa dirishani anaiona lami pale alipotegemea kuona nyasi. Inapokaribia kabisa kugusa, rubani anakanyaga pedali, pua inanyooka, na gurudumu la upande wa upepo linatangulia chini.

Iliyonishika zaidi ni video ya Hamburg, huko Ujerumani, tarehe 1 Machi 2008. Ndege ya Lufthansa yenye watu zaidi ya 130 ilikuwa inatua, upepo ukivuma kwa vishindo vya zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Ikainama, ncha ya bawa la kushoto ikakwaruza lami. Marubani hawakung'ang'ania. Waliongeza nguvu za injini, wakapaa, wakazunguka, wakaja kutua kwenye njia nyingine iliyoelekeana vizuri zaidi na upepo. Hakuna aliyeumia.

Tunakijua kisa cha Petro, alipouona upepo akaogopa, akaanza kuzama. Tumekihubiri sana. Lakini ipo Matendo 27, ambayo hatuisemi mara nyingi. Paulo aliwaonya aliosafiri nao merikebuni kwamba safari ile ina hasara. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Kaupepo laini ka kusini kakawadanganya, wakang'oa nanga, halafu tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia. Roho 276 zilipona kwa rehema za Mungu, lakini merikebu na shehena vilikwisha. Wangeweza kungoja bandarini.

Wapendwa, kuahirisha si kukosa imani. Rubani anafundishwa hivyo tangu mwanzo: ukiona hali haikubali, paa tena, na hakuna atakayekulaumu. Kwa nini kanisani tunalaumiana?

Nasema hivi kwa sababu yuko dada kati yetu aliyesimamisha harusi yake wiki mbili kabla ya siku. Amenipa ruhusa kulisema, jina nalihifadhi. Kadi zilishasambazwa, ukumbi ulishalipiwa, michango ilishaingia. Alikuwa ameona kwa mchumba wake jambo zito, tena si mara moja. Akaomba, akafunga, akawaambia wazazi. Unajua mama mmoja wa kwetu alimwambia nini? "Mwanangu, sisi tumeshashona sare."

Sare! Mama zangu, baba zangu, nawaheshimu, lakini hapa hapana. Kitenge kitavaliwa Pasaka. Binti huyu angeolewa ili sisi tusipate hasara ya cherehani, halafu miaka mitatu baadaye tungekuwa sebuleni kwake tukimwambia avumilie, ndoa ni msalaba. Wangapi tumewasukuma watue kwa nguvu kwa sababu wageni wameshakaa vitini? Na walipovunjika, tulikuwa wapi?

Na wewe uliyerudi nyumbani kutoka mjini biashara ilipokataa, wewe uliyeacha chuo mwaka huu ili utibiwe, wewe uliyemwambia mchungaji kwamba huduma ile huiwezi kwa sasa: inua kichwa chako. Mungu aliyekupa ujasiri wa kuanza ndiye aliyekupa macho ya kuona upepo. Zunguka. Mafuta bado yapo, njia nyingine ipo, na Yeye hajakasirika. Jaribu tena kwa wakati wake, usiharakishwe na macho ya watu.

Kwa mdogo wangu naomba jambo moja tu, awe na rubani asiyeona haya kuahirisha. Mniombee na mimi nilale.

Jumamosi saa kumi jioni tunakwenda kwa kina dada yetu, kuomba na kula pamoja. Kamati imeanza kurudisha michango. Anayetaka kumwachia yake amwambie mhazini kimya kimya. Na yule mama wa sare, nakuomba uje. Kaa karibu naye.