Bidii naiheshimu, lakini siiwekei alama

"Lakini mwalimu, si umeona nilivyohangaika?" Swali hili hunifikia kila matokeo yanapotoka, na ukweli ni kwamba nimeona. Nafundisha hisabati, kozi ya uwezekano, na daftari la mwanafunzi halifichi kitu. Kuna mmoja alijaza kurasa kwa kurasa: kila swali amelinakili upya, mistari ameipiga kwa rula, majibu kayazungushia boksi la wino mwekundu. Ndani ya boksi moja kulikuwa na 1.3. Uwezekano wa tukio lolote hauzidi 1. Swali lilitaka uwezekano wa matukio mawili yasiyotegemeana kutokea yote, moja 0.6 na jingine 0.7; yeye alijumlisha pale alipotakiwa kuzidisha apate 0.42. Na alifanya hivyohivyo katika kila swali la aina hiyo.

Bidii ipo, tena nyingi. Kuelewa bado. Nikimwongezea alama kumi za kujituma atavuka kwenda kozi inayofuata, na mwalimu wa huko hana habari ya rula wala wino mwekundu. Ataona daraja, atalisadiki, ataanzia hapo. Atakayeumia ni mwanafunzi, siyo mimi niliyemhurumia.

Kuna linaloniuma zaidi. Bidii ninayoiona ni ile inayofanyika mbele ya macho yangu: anayekaa mstari wa mbele, anayenyoosha mkono, anayenifuata ofisini. Yule anayefanya kazi usiku kucha, akaingia darasani macho yamemvimba na kukaa nyuma kimya, huenda amejitahidi kuwapita wote, ila hana shahidi. Alama za bidii zingeishia kuwa zawadi kwa tabia zinazonipendeza mimi. Na sisi wasahihishaji hata maandishi yaliyo mezani tunayaona tofauti. Mwaka 1913, Daniel Starch na Edward Elliott wa Marekani waliwapa walimu wengi karatasi moja ileile ya jiometri. Alama walizotoa zilianzia 28 zikafika 95. Kama hesabu iliyoandikwa inatugawa hivyo, bidii ya mtu tutaipimaje?

Wanaotetea alama za bidii wana hoja nzito, siidharau. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa kujitahidi waliendelea kupambana baada ya kushindwa, kuliko waliosifiwa kwa akili zao. Naliamini hilo na nalitumia kila siku darasani. Lakini ile ilikuwa sifa, neno la mwalimu kwa mtoto baada ya kazi. Daraja la mwisho linasomwa na watu wasiomjua kabisa. Napendelea pendekezo la Thomas Guskey, mtaalamu wa elimu: ripoti itenganishe mambo matatu, yaani alichofikia mwanafunzi, namna alivyofanya kazi, na umbali aliopiga tangu alipoanza. Bidii ipate mstari wake yenyewe, isichanganywe na mengine hadi isijulikane iko wapi.

Ninachopigania ni bidii kufunguliwa njia ya kuzaa alama. Kwangu, aliyekosa zoezi anaruhusiwa kulirudia, mradi kwanza aniandikie aya moja ya wapi alipotea na kwa nini. Alama mpya inafuta ya zamani. Sichukui wastani, maana wastani humwadhibu aliyechelewa kuelewa: aliyeanza na 30 akamaliza na 80 anaandikiwa 55, wakati leo anajua mambo ya 80. Hiyo 55 haimwelezi alivyokuwa wala alivyo sasa.

Kusahihisha mara mbili kunachosha, na mwenye darasa la wanafunzi mia tatu hawezi bila wasaidizi. Basi idara zinazokaa vikao kujadili asilimia ngapi ziende kwenye juhudi zianze na hilo: watupe wasaidizi, watupe na muda wa marudio kabla ya matokeo kufungwa.