Maneno ya Kiingereza yanayonichosha masikio

Kazi yangu ni unukuzi. Naletewa rekodi za Kiingereza, za mahojiano, mikutano, vikao vya wafanyakazi na mabosi wao, nasikiliza na kuandika kila kilichosemwa. Watu wanapolalamikia maneno ya Kiingereza yanayosemwa mno hadi yanakera, nina la kuchangia, maana yote hupita masikioni mwangu kabla hayajafika kwenye karatasi.

Wateja wengi huagiza maandishi "safi". Maana yake nifute vijineno vya kujazia: "um", "uh", "like", "you know", "I mean". Sentensi zibaki zimenyooka. Ndiyo kanuni ya kazi na naifuata, lakini moyoni siikubali. Kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunafuta yasiyo na hatia na kuyaacha yenye makosa.

Mwaka 2009 taasisi ya kura za maoni ya Marist iliwauliza Wamarekani ni neno gani linalowaudhi zaidi katika mazungumzo. Asilimia 47 walitaja "whatever" (vyovyote vile), na asilimia 25 wakataja "you know" (unajua). Kwa "whatever" niko nao bega kwa bega: anayekujibu hivyo amekuambia kwamba ulichosema hakistahili hata kubishiwa. Lakini "you know" imeonewa, na nitaeleza kwa nini.

Katika rekodi moja mwanamume alikuwa anasimulia siku aliyoachishwa kazi. Akasema: "I sat in the car and, you know, I couldn't, um, I couldn't start it." Alikaa garini, akashindwa kuliwasha. Nikafuta vya kufutwa, ikabaki: "I sat in the car and I couldn't start it." Soma tena hiyo ya pili. Mtu asiyesikia sauti atadhani gari lilikuwa bovu. Ile "you know" ndiyo iliyokuwa imebeba habari yote, kwamba mikono ilikataa, na kwamba anamwomba msikilizaji aelewe bila yeye mwenyewe kulazimishwa kulisema jambo hilo. Mimi ndiye niliyeitoa, kwa kanuni.

Wanaisimu wamekwisha kulitazama jambo hili. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha utafiti wakionyesha kwamba "uh" na "um" hazitoki ovyo: "uh" hutangulia kusita kufupi, "um" hutangulia kusita kurefu. Msemaji anamwambia mwenzake, ngoja, bado nipo, natafuta neno. Sioni uvivu hapo. Naona adabu.

Na "literally" (kwa maana halisi) je? Hilo silipiganii tena. Watu hulitumia kusisitiza jambo ambalo halikutokea kweli, na wapenda usahihi hukasirika, hasa mwaka 2013 ilipovuma habari kwamba kamusi ya Oxford imeiingiza maana hiyo. Lakini waandishi wakubwa wa Kiingereza waliitumia hivyo tangu karne ya 19. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alilalamikia neno "mob" (kundi la watu wenye ghasia), akiliona ni uharibifu wa lugha, na leo hakuna anayelishtukia. Lugha itajitengeneza yenyewe.

Yanayonichosha mimi ni mengine, yale ambayo kanuni inaniamuru niyaache.

Chukua "at the end of the day". Mwaka 2004 Plain English Campaign, shirika la Uingereza linalopigania Kiingereza chepesi, lilitangaza kwamba ndio msemo ulioongoza kwa kukera watu. Kero yangu haiko kwenye wingi wake peke yake. Msemo huu unadai kwamba hesabu imekwisha kupigwa, pande zote zimesikilizwa, na hili ndilo jibu. Nimenukuu kikao ambacho mwenyekiti aliusema katika sentensi yake ya kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote kufungua mdomo. Siku ilikuwa haijaanza, yeye tayari yuko mwisho wake. (Nasi tumeshaupokea: sikiliza mahojiano yoyote ya Kiswahili uhesabu "mwisho wa siku".)

Kwenye kompyuta yangu nimeweka vifupisho. Nikigonga herufi nne, "at the end of the day" inajitokeza nzima. Ninacho kifupisho cha "going forward" (kuanzia sasa), cha "circle back" (kulirudia jambo baadaye), cha "moving parts" (mambo mengi yanayotegemeana), cha "that being said" (pamoja na hayo). Sikuvibuni kwa kupenda, vidole vilichoka. Neno lenyewe cliché Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa wapiga chapa lilikuwa bamba la metali iliyoyeyushwa na kumiminwa, ili maneno yaleyale yachapwe tena bila kupanga herufi moja moja. Nikiangalia orodha yangu ya vifupisho naona bamba lilelile. Sijawahi kuhitaji kifupisho cha kile alichosema yule mwanamume garini.

Kuna kundi la misemo inayovaa heshima. "With all due respect" (kwa heshima zote) huja sekunde chache kabla ya kuvunjiwa heshima. "No offence" (usikasirike) vivyo hivyo. "To be honest" (kusema kweli) hunifanya nijiulize hayo mengine yote yalisemwa kwa hali gani. Hayo nayavumilia, kwa kuwa walau yanamtahadharisha msikilizaji.

Nisiyoyavumilia ni yale yanayomwondoa mtendaji. "Mistakes were made": makosa yalifanyika, na nani? Rais Ronald Reagan alipohutubia Bunge la Marekani Januari 1987 kuhusu sakata la silaha zilizouzwa Iran kwa siri, alisema makosa makubwa yalifanyika, na maneno hayo yamebaki kuwa mfano hadi leo. Sarufi haina kosa. Kilichokosekana ni mtu. Ndugu yake wa karibu ni "I'm sorry you feel that way", samahani kwamba unajisikia hivyo. Inaanza kama kuomba radhi, kisha katikati inageuka, na kosa linakuwa lako wewe uliyeumia. Nikiisikia kwenye rekodi huwa nasimamisha sauti kidogo, maana najua kitakachofuata: aliyelalamika hunyamaza, au hurudia malalamiko yake kwa sauti ya juu zaidi, na mwenzake humwona ndiye mkorofi.

Kikao kilichonifanya niandike haya kilikuwa cha kupunguza wafanyakazi. Dada mmoja aliuliza swali la maneno machache: mshahara wa mwisho unalipwa tarehe ngapi? Sauti yake ilitetemeka, akaweka "um" mbili. Akajibiwa kwamba "going forward" suala hilo ni kipaumbele, kwamba kuna "moving parts" nyingi, na kwamba wata-"circle back". Akauliza tena, "So, like, which date?" Akaambiwa "it is what it is at this point in time", yaani ndivyo ilivyo kwa sasa.

Mteja alitaka maandishi safi. Nikafuta "um" zake mbili, nikafuta "like" yake. Jibu la bosi nikaliacha lote, neno kwa neno, kwa sababu kwa kanuni halikuwa na kitu cha kufutwa. Ukisoma karatasi ile, bosi anaonekana amezungumza kwa ufasaha na kirefu, na yule dada kama mtu aliyerudia swali lilelile bila sababu.

Kila mwaka mpya Chuo Kikuu cha Lake Superior State, Michigan, Marekani, hutoa orodha ya maneno yanayofaa kupigwa marufuku. Wameanza tangu 1976. Orodha ya 2022 ilikuwa na "at the end of the day" na "circle back", na hapo niliwapigia makofi. Ile ya 2024 iliongozwa na "hack" (mbinu ya mkato), ya 2025 ikaongozwa na "cringe" (kuona aibu hadi kujikunja), maneno ambayo mtu ataona kero yakimfikia kwenye simu, lakini sijasikia bosi akimnyima mtu tarehe ya mshahara wake kwa neno "cringe". Laiti wangekaa zaidi na maneno ya wenye madaraka.

Mara mojamoja hutokea kiongozi akajibu hivi: "I don't know yet. I'll tell you on Friday." Sijui bado, nitawaambia Ijumaa. Hakuna cha kufuta hapo wala kifupisho cha kugonga, na katika rekodi za namna hiyo anayeuliza hanyamazi wala hapandishi sauti. Husema sawa, kisha anauliza swali jingine.