Pleyi 10,363 za Joe Thomas

Watu wa Dar wanaofatilia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani (tupo wachache ila tupo, acheni dharau) ukiwauliza wanamkubali nani, karibu wote watakutajia Brady au Mahomes, yani makwotabeki, wale wanaorusha mpira. Mimi namtaja Joe Thomas na hapo ndo stori inapofia, maana jamaa kacheza misimu 11 yote Cleveland Browns, hajawahi kucheza hata mechi moja ya mtoano, na kazi yake haikuwa kurusha wala kudaka wala kufunga.

Kwa ambao huu mchezo mnauona ni fujo tu, ngoja nieleze kidogo. Mbele ya kwotabeki wanajipanga watu watano wakubwa wakubwa, pleyi (yani kipande kimoja cha mchezo, tangu mpira unapoanzishwa mpaka unaposimama) ikianza kazi yao ni kuzuia watu wa upande wa pili wasimfikie mwenye mpira, ni mabaunsa kabisa ila mabaunsa wenye masharti, kusukuma ruksa, kumkumbatia mtu au kumvuta jezi hapana, refa akikuona anatupa kitambaa cha njano na timu inarudishwa yadi 10. Sasa kati ya hao watano yule wa mwisho kushoto ndo mwenye mzigo. Kwotabeki anaetumia mkono wa kulia akitaka kurusha anageuza mwili, mgongo unabaki upande wa kushoto, kwaiyo anaetokea huko hamuoni kabisa. Huyo ndo alikua mtu wa Joe Thomas. Jamaa la karibu mita 2, kilo kama 140, anarudi kinyumenyume huku anamtazama mtu anaekuja mbio, na kati ya hao wanaokuja walikuepo Terrell Suggs wa Baltimore na James Harrison wa Pittsburgh, timu ambazo Browns anakutana nazo mara mbili kila msimu, yani hao hukwepi.

Shemeji yangu ni Yanga damu, siku namuonyesha klipu za Thomas kwenye simu akaangalia weee mwisho akaniuliza, "Shem, sasa huyu anafunga lini?" Hafungi shem. "Analipwa kwa kazi gani?" Nikamwambia mwaka 2011 Browns walimuongezea mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 84. Akakaa kimya kidogo alafu akauliza kama bado wanachukua watu.

Wamarekani wenyewe wanajua thamani ya hiyo nafasi ndo maana Thomas alichaguliwa wa 3 kwenye drafti ya 2007, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, akitokea chuo cha Wisconsin. Siku hiyo vijana waliotegemewa kuchaguliwa mapema walikua wanaalikwa New York, suti kali, makamera, familia nzima. Yeye akaenda kuvua samaki na baba yake Ziwa Michigan. Kwakweli nilivyosoma hiyo nikasema huyu ndo mtu wangu.

Msimu wake wa kwanza Browns walishinda mechi 10 wakapoteza 6, na bado hawakuingia mtoano. Huo ndo ulikua msimu mzuri, baada ya hapo ni msiba. Ukijumlisha misimu yote 11 timu ilishinda mechi 48 ikapoteza 128, kwotabeki wakawa wanabadilishwa kila kukicha, anakuja huyu anaumia, anakuja yule anafeli, makocha nao hivyohivyo, na kila anaekuja anamkuta Thomas yupo palepale kushoto. Namba 73. Yani mtu unacheza mechi timu imeshapigwa, mashabiki wameshaanza kuondoka, na pleyi ya mwisho unarudi kinyumenyume vilevile kama ya kwanza. Kila msimu kati ya 10 ya mwanzo alichaguliwa Pro Bowl, yani kikosi cha mastaa wa msimu, na hapo anatokea timu inayovuta mkia, sijui mnanielewa?

2015 kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Denver Broncos walikua wanamtaka, mazungumzo yalifika mbali kabisa kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, dili likafa. Miezi michache mbele Denver wakabeba Super Bowl, yani ubingwa wenyewe. Thomas akabaki Cleveland, msimu uliofuata wakashinda mechi 1 kati ya 16. Wapo wanaosema angekomaa aondoke, kwamba kukaa ni kukosa tamaa ya kushinda. Mi sikubaliani, ye mwenyewe hakuwa mtu wa kushinikiza auzwe, na mchezaji anaetaka kukaa sehemu aliyoizoea sioni kwanini tumtukane.

Oktoba 2017, mechi na Tennessee Titans, msuli wa nyuma ya mkono wa kushoto ukachanika. Mpaka hapo alikua ameanza mechi 167 mfululizo na kucheza pleyi 10,363 mfululizo bila kutoka hata moja, sio mechi jamani, PLEYI. Na hapo unagongana na watu wenye kilo zaidi ya 100. Browns mwaka huo walimaliza bila kushinda hata mechi moja, na Machi 2018 Thomas akatangaza kustaafu.

Mwili ulishachoka. Alishasema wazi kwamba magoti na mgongo vinamsumbua na kwamba kumbukumbu imeanza kumchezea, hiyo ndo bei ya hii kazi na wanaoitamani zile milioni 84 wakae nayo. Alivyoacha akapungua zaidi ya kilo 20, maana ule mwili wa zamani alikua anaulisha kwa nguvu, kula bila njaa ilikua sehemu ya kazi, ukiona picha zake za sasa unaweza kubisha kwamba ni mtu mmoja.

2023, mwaka wa kwanza tu aliporuhusiwa kupigiwa kura, wakamuingiza Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa mchezo huu, lililopo Canton, hukohuko Ohio, sio mbali na Cleveland. Bila mtoano, bila pete ya ubingwa. Mechi nyingi za NFL za Jumapili kwetu zinaanza saa mbili au saa tatu usiku, kwaiyo kama una bando jaribu mechi moja usiuangalie mpira kabisa, mkazie macho yule wa mwisho kushoto, nusu saa tu, alafu uje kwenye komenti tubishane kuhusu Brady.