Tulikwenda arobaini, tukaishia kubishana

Arobaini ya shangazi yangu ilipangwa Jumapili, Magomeni. Nasema Magomeni ya Bagamoyo, maana kila nikiitaja, watu wa Dar wanadhani nimeenda karibu na Kariakoo. Tukatoka Jumamosi asubuhi, mimi na mpwa wangu, tukapanda Coaster pale stendi ya Makumbusho ili tupate nusu siku ya kuzunguka mji kabla ya shughuli.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu. Dada aliolewa na Mkristo, akabatizwa. Maneno yalikuwepo kwenye ukoo kwa muda, kisha yakaisha, kama yanavyoisha kwenye familia nyingi za pwani. Balaa lilikuja baada ya shemeji kufariki. Dada akahama kanisa alilozoea, akamfuata mtumishi mmoja huko mjini aliyemwambia apande mbegu, yaani atoe sadaka ya fedha, ili Mungu amfungulie milango. Akauza kiwanja, akapanda. Milango haikufunguka, na tangu hapo mwanawe hataki kusikia habari ya kanisa, na ya msikiti ameiunganisha humo humo.

Bunju hatujafika, ameshaanza. Akanikumbusha Moshi, Februari 2020, watu 20 walivyokufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Akaenda Shakahola, kule Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula hadi kufa ili wakamwone Yesu. Akarudi nyumbani, Mbagala, Oktoba 2012, makanisa yalivyochomwa kwa ugomvi ulioanzia kwa watoto.

"Mjomba, nitajie faida moja inayolingana na hayo."

Sikumpinga. Yote aliyoyataja yalitokea. Tena nawashangaa wanaojibu kwamba wale hawakuwa waumini wa kweli. Walikuwa waumini kweli kweli, ndiyo maana walikufa.

Aliyejibu ni mzee wa kiti cha mbele, kofia yake ya mkono kichwani, ambaye kumbe alikuwa akisikiliza tangu Tegeta. Akageuka nusu.

"Kijana, umezaliwa hospitali gani?"

"Shikamoo mzee. Ya misheni."

"Marahaba. Basi."

"Lakini mzee, serikali ingejenga yake ningezaliwa humo vilevile."

"Ingejenga lini?"

Basi zima likacheka, konda naye. Mpwa wangu akanyamaza hadi Mapinga.

Bagamoyo tukala samaki wa kukaanga na ugali karibu na soko la samaki, tukachukua bodaboda hadi misheni. Ukiingia unapita katikati ya miembe mikubwa iliyopandwa enzi za mapadri wa kwanza. Mababa wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na kazi yao mojawapo ilikuwa kununua watumwa, watoto hasa, na kuwaweka huru katika kijiji walichokijenga pembeni ya misheni.

Kuna mbuyu hapo, nao wanasema ulipandwa mwaka huo huo wa 1868. Chini kwenye shina kinatokeza kipande cha mnyororo. Mpwa wangu akachuchumaa, akakigusa kwa kidole. Kutu imekila, gome limekibana pande zote, hata ukivuta hakitikisiki. Akanitazama kwa jicho la "umeona?" Ikabidi nimweleze: mnyororo huu si wa watumwa. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa aliyehudumu misheni alikuwa akimfunga punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, mti ukanenepa ukaumeza. Minyororo ya watu iko ndani, kwenye makumbusho, katika nyumba waliyokuwa wakikaa masista. Hiyo nayo tuliiangalia, na hapo hapakuwa na la kubishana.

Tulipotoka ndipo akaja na hoja ambayo sikuitegemea. "Mtu akinunua mtumwa ili amwachie, hela si inaingia mfukoni kwa muuzaji? Kesho si anarudi bara kuleta wengine?" Nikamwambia kweli. Tena nikamwongezea, maana sipendi kumficha mtu hoja inayomsaidia. Walionunuliwa hawakuachwa waende watakako. Waliamshwa kwa kengele, wakasali kwa kengele, wakalima mashamba ya misheni, na umri ukifika wakaozeshwa na kupewa nyumba katika kijiji hicho hicho chini ya macho ya padri. Wapo waliotoroka.

"Sasa huo ni uhuru gani, mjomba?"

"Mdogo. Lakini aliyebaki sokoni hata huo hakuupata."

Nikampeleka makaburini. Safu za misalaba, wamelala mapadri, mabruda na masista, na ukisoma miaka iliyoandikwa unaona wengi walikuwa vijana. Malaria na homa nyingine ziliwamaliza, na waliofuata walipanda meli wakijua hivyo. Mpwa wangu alisoma makaburi kadhaa bila kusema kitu. Mimi hapo ndipo ninapotofautisha. Kuna imani inayomgharimu mwenye nayo, na kuna inayomgharimu jirani, mjane au mtoto. Padri aliyezikwa pale alilipa mwenyewe. Mtumishi wa dada yangu kalipiwa.

Na wakati wa vita vya Bushiri, mwaka 1888 na 1889, mji ulipokuwa ukipigwa, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya eneo la misheni, Waislamu na wasio na dini yoyote kati ya hizi mbili. Bushiri alikuwa akipigana na Wajerumani, ila mapadri hakuwagusa. Walielewana.

Kaole, kwenye magofu ya kale, tulipita haraka, jua lilikuwa limeshageuka. Msikiti wa karne ya 13, makaburi ya matumbawe, na kaburi la Sharifa ambako watu bado wanakwenda kuomba dua. Mlinzi alikuwa na haraka kuliko sisi.

Jioni tukatembea Mji Mkongwe wa Bagamoyo, tukaketi barazani kwenye nyumba moja yenye mlango wa nakshi, na hapo nikamsimulia habari za Sheikh Ramiya. Huyu jina lake Yahya bin Abdallah. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa, kutoka Manyema huko Kongo, akaingia katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Akasoma Kurani, akasoma elimu ya dini, akafanya biashara, akapata mashamba. Akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, mojawapo ya njia za Kisufi, na watu wa bara, waliokuwa wakiitwa washenzi na mabwana wa mji huu, wakamfuata kwa maelfu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakampa uliwali, yaani usimamizi wa mji. Alifariki mwaka 1931 akiwa mtu mkubwa kuliko wote waliowahi kummiliki.

Mpwa wangu, kama kawaida yake, akaenda kwenye kidonda. "Na waliommiliki walikuwa wanasali?"

Walikuwa wanasali. Swala tano, na mwezi wa Ramadhani wanafunga. Kumwacha huru mtumwa kulikuwa thawabu, tena kafara ya baadhi ya madhambi, lakini ili umwache huru ni lazima kwanza uwe naye. Na Wakristo nao, mataifa yao yalisafirisha watumwa kuvuka Atlantiki karne kwa karne, na Jumapili ibada ikaendelea. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, miaka 54 baada ya mapadri kufika hapa, kwa sheria ya serikali na si kwa hotuba ya msikitini wala mahubiri ya kanisani.

Lakini ninavyoona mimi, bwana alipomfundisha mtumwa sala yake, alimpa silaha bila kujua. Mkishasimama safu moja mkielekea kibla kimoja, huwezi tena kusema yule si mtu mpaka uikane dini yako mwenyewe. Ramiya aliitumia nafasi hiyo mpaka mwisho. Asingeweza kuwapita mabwana kwa nasaba, wala mwanzoni kwa mali, ila kwa elimu ambayo wao wenyewe waliiita tukufu. Sijui kitu kingine katika Bagamoyo ya wakati ule ambacho kingempa mtoto wa Manyema mlango huo. Serikali ya Mjerumani isingempa.

"Kwa hiyo dini ni nzuri ikiwa mikononi mwa aliyeonewa," akasema.

"Mara nyingi, ndiyo. Hata Bushiri na mapadri walielewana wakati mapadri hawana jeshi."

Jumapili arobaini ilikwenda vizuri. Kisomo, ubani, kisha pilau. Waliokuwa jikoni tangu alfajiri wakichambua mchele na kumenya vitunguu ni wanawake wa mtaa, na nusu yao walitoka hapo wakaoga, wakavaa, wakaenda misa, wakarudi kupakua. Hakuna aliyeona ajabu. Mpwa wangu alikabidhiwa kazi ya kunawisha wageni mikono, akazunguka na birika na beseni mpaka shati likalowa, na nilimsikia akimwitikia shehe mmoja "amina" bila kugombana.

Basi la kurudi lilikwama kwenye foleni Boko. Nikadhani amelala, kumbe anawaza.

"Mjomba, yote uliyosema nimekuelewa. Hela ya mama atarudisha nani?"

Nikamuuliza kama kuna risiti. Akacheka kwa uchungu. Nani anadai risiti ya sadaka? Nikamuuliza mama yake alizitumaje. Kwa simu, akasema, sehemu kubwa kwa simu, kwenye namba ya mtumishi mwenyewe, na meseji mama hafuti. Nikamwambia ampigie palepale asizifute, ateremke moja kwa moja kwao, aziandike zote kwenye karatasi, tarehe na kiasi, na Jumatatu nitakwenda naye kituo cha msaada wa sheria. Akatoa simu. Dada akapokea, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama tumembebea pilau.