CD4 ya shangazi

Leo darasani, hapa Kisumu, nimeacha kuandika noti katikati ya somo.

CD4 nimeijua tangu utotoni kama namba. Shangazi akirudi kutoka kliniki tunamuuliza, "Imepanda?" Basi.

Kumbe ni protini. Inakaa juu ya utando wa seli ya kinga (ile namba ya kliniki ni hesabu ya seli zenye CD4 kwenye damu), na virusi vya Ukimwi huishika ili viingie. Vikishaingia vinatengeneza protini yao, Nef, ambayo huivuta CD4 kutoka juu, utando unajikunja kuwa kifuko, kisha CD4 inapelekwa kuvunjwavunjwa ndani.

Nef huondoa pia protini nyingine, zile zinazowaonyesha askari wa mwili kwamba seli hii imeambukizwa.

Mwalimu ametuonyesha picha ya protini hizo chini ya hadubini. Seli isiyo na Nef: ukingo unang'aa kijani kama pete. Seli yenye Nef: ukingo umefifia, mwanga wote umerundikana ndani, karibu na kiini.

Hiyo pete iliyofifia sijaisahau hadi sasa.

Nimempigia shangazi. Ameshameza dawa zake za jioni.

Mliokulia huku Nyanza, kwenu CD4 mliielewaje?