Reli ya mezani Dodoma: geji, vumbi na treni za kupishana

Anayetaka kujenga reli ndogo ya kuchezea nyumbani hapa Dodoma ana swali la kujibu kabla hajanunua hata skrubu moja: ajenge SGR, yaani reli mpya ya umeme, au ile reli ya kati ya zamani? Zote mbili zinapita mjini. Moyo unaweza kuvuta upande wowote, lakini hesabu inavuta upande mmoja tu.

Skeli inayopatikana kwa urahisi ni HO, yaani moja kwa 87 (kila kipimo halisi kinagawanywa kwa 87), na njia yake ina milimita 16.5 kati ya reli na reli. Chukua milimita 1,435 za SGR, gawanya kwa 87, unapata hizo hizo 16.5. Maana yake njia ya dukani tayari ni SGR. Kinachokwamisha ni mabehewa. Behewa la abiria la mita 26 likipunguzwa linabaki na sentimita 30, na kanuni ya wazoefu ni kwamba nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara mbili na nusu ya urefu wa behewa ili treni isiache reli, na mara tatu ili ipendeze machoni. Hapo unadaiwa kona ya sentimita 75 hadi 90. Duara la kona hiyo peke yake ni mita 1.5 hadi 1.8 kwa upana, na plaiwudi ya futi nane kwa nne ina mita 1.22.

Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina geji, yaani upana kati ya reli na reli, ya mita moja. Behewa la mizigo la mita 14 linakuwa sentimita 16, nalo linapita kona ya sentimita 50 bila matata. Ila sasa geji ndiyo inayogoma: mita moja kwa 87 ni milimita 11.5. Njia ya milimita 12 ipo, inaitwa HOm, na watumiaji wake wakubwa ni wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi. Kwa anayeanza ni ghali na vipuri vyake ni vya kuagiza kimoja kimoja. Msimamo wangu ni huu: tumia njia ya 16.5, panga juu yake mabehewa mafupi ya reli ya kati, ukubali kwamba geji imepanuka. Aliyewahi kufanya kazi ya reli Tabora ataona mara moja, basi acha aone. Geji iliyozidi haiangushi treni, behewa refu kwenye kona kali linaiangusha kila mzunguko.

Ukiagiza seti ya kuanzia, soma kwanza kibandiko cha adapta. Seti nyingi za Marekani zinakuja na transfoma ya volti 120, na ukiichomeka kwenye soketi zetu za volti 230 utasikia harufu kabla treni haijatikisika. Tafuta iliyoandikwa 220–240.

Meza sasa. Plaiwudi moja ya milimita 12 na mbao sita za paini za futi 12 zinatosha. Mbili za inchi mbili kwa tatu zikatwe kila moja mita 2.44 na kipande kinachobaki, hapo umepata mbavu mbili ndefu na ncha mbili. Ncha zipunguzwe zifike mita 1.12 ili zikae katikati ya zile ndefu. Mbili nyingine zinatoa vipande vitano vya kukatiza, kila baada ya sentimita 40 hivi, na kinabaki kimoja cha akiba. Mbili za mwisho, za mbili kwa nne, ni miguu sita ya mita moja. Funga kwa skrubu na gundi nyeupe ya maseremala. Misumari inalegea mbao ikikauka.

Na mbao itakauka. Paini ya Mufindi mara nyingi inafika hapa ikiwa na maji bado, kisha hewa ya Dodoma ya kati ya Mei na Novemba inayanyonya yote. Ukiijenga ikiwa mbichi, fremu inajinyonga na njia uliyoilaza kwa pimamaji inakuwa na mabonde. Panga mbao ndani ya chumba hicho hicho zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, ziache mwezi mzima au zaidi. Plaiwudi nayo ipakwe rangi ya mafuta pande zote mbili. Ukipaka juu tu, upande wa chini unakauka na kusinyaa peke yake na ubao unapinda. Chini ya miguu weka makopo yenye oili chafu kidogo, maana mchwa wa huku hawajui kama hiyo ni mbao ya reli au ya choo.

Kimo cha mita moja kinamfaa anayefanya kazi amesimama na mgongo wake una umri. Mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60 hadi 70 bila kulalia ubao, kwa hiyo meza ya mita 1.22 isigusane na ukuta upande wa nyuma. Acha nafasi ya kupita, la sivyo ajali ikitokea nyuma utapanda juu ya vilima vyako kuifuata.

Kona za nusu kipenyo cha sentimita 50 kwenye ubao huu zinakupa mzunguko wa karibu mita 5.8, na mstari ulionyooka wa kama mita 1.3 kila upande. Hapo mbele weka stesheni ya Dodoma, nyuma weka Bahi, kila moja na njia ya kupishania. Usijidanganye kuhusu urefu wake. Pointi mbili, yaani pale njia inapogawanyika, zinakula sentimita 40, na karibu na kila pointi kuna sehemu ambapo behewa lililosimama njia hii litagongwa na linalopita njia ile. Kinachobaki ni sentimita 70 au 75, yaani kichwa kimoja cha treni na mabehewa matatu. Treni zote za meza hii zipangwe kwa kipimo hicho. Daraja la njia kupita juu ya njia lisahau: linahitaji kupanda sentimita 8, na kwa mwinuko salama wa asilimia mbili hizo ni mita nne za kupanda na nne za kushuka, wakati mzunguko mzima hauna hata sita.

Kwenye kulaza njia, chumba chenye bati lisilo na silingi ndicho adui. Asubuhi ya Julai na saa nane mchana wa Novemba zinaweza kutofautiana nyuzi 25 humo ndani. Reli ya mita 2.4 inarefuka karibu milimita moja kwa tofauti hiyo, na wakati huo huo ubao uliokauka umesinyaa chini yake. Reli isiyo na pa kwenda inajikunja pembeni. Kwa hiyo laza njia asubuhi kukiwa na baridi na uache mwanya wa milimita moja kwenye kila kiungio cha sehemu iliyonyooka. Usichomelee viungio vyote kwa risasi. Chomelea vya kwenye kona tu, ambako kiungio kilicholegea hufanya pembe.

Kwa sababu viungio vimeachwa huru, visitegemewe kupitisha umeme. Chini ya ubao pitisha nyaya mbili nene, waya wa 1.5 ule wa taa za nyumbani unafaa, rangi mbili tofauti, zifuate njia yote. Kutoka kwenye hizo, kila kipande cha reli kishushiwe waya wake mwembamba, uchomelewe ubavuni mwa reli kwa nje ili magurudumu yasiuguse. Ni kazi ya kuchosha shingo, lakini anayeiruka ndiye anayelalamika baadaye kwamba treni inachoka ikifika upande wa pili. Katika kila njia ya kupishania kata reli moja kwenye ncha zote mbili, weka viungio vya plastiki, na waya wa kipande hicho upite kwenye swichi ya kuwasha na kuzima. Swichi ikizimwa treni inasubiri, nyingine inapita, na kontrola, yaani kifaa cha kuongozea kasi, inabaki moja. Mfumo wa kidijitali ni mzuri, ila kwa vichwa viwili ni gharama isiyo na sababu.

Wanaotaka kuendesha hata umeme ukikatika hutumia betri ya volti 12 ya saa-ampea 7, ile ya UPS, pamoja na kidhibiti kasi cha mota za DC na swichi ya kugeuza mwelekeo. Kichwa cha HO kinakula kama nusu ampea au pungufu, kwa hiyo jioni nzima inawezekana. Lakini betri ya risasi ikipigwa shoti inamwaga ampea nyingi mno, na waya mwembamba unageuka kuwa kaa la moto chini ya plaiwudi kavu. Fyuzi ya ampea 2 ikae karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, sentimita 15 kutoka hapo au chini yake. Hili halina mjadala. Angalia pia aina ya mota: zile zisizo na kiini cha chuma huchemka zikilishwa na vidhibiti vya bei nafuu.

Kokoto ziko bure mtoni. Kokoto halisi ya milimita 50 inakuwa chini kidogo ya milimita 0.6, hivyo chekecha mchanga mkavu kwa chekeche la unga, kinachopita kichekeche tena kwa chujio jembamba zaidi, na utumie kilichobaki kati ya hizo mbili. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mchanga wetu una chembe nyeusi za chuma, na chembe moja ikivutwa na sumaku ya mota inasaga meno ya gia. Rudia mpaka sumaku itoke safi. Mwaga kokoto kati ya mataruma, lowanisha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshe gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni tone linabaki juu kama shanga na kuviringisha kokoto. Kwenye pointi usiguse ulimi unaosogea.

Mawe ya granaiti, migunga na udongo mwekundu hayahitaji maelezo, toka nje uangalie. Mbuyu tu: wa mita 20 ungekuwa sentimita 23 na kumeza stesheni nzima, weka wa sentimita 12 nyuma ya Bahi.

Vumbi la Agosti linaziba umeme kuliko hitilafu yoyote ya waya. Funika meza kwa shuka kila unapomaliza, na kabla ya kuendesha pitisha kitambaa chenye spiriti juu ya reli. Msasa hapana, mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu zaidi. Magurudumu ya kichwa yasafishwe kwa karatasi ya jikoni yenye spiriti iliyolazwa juu ya reli: shika kichwa, washa, magurudumu ya upande mmoja yazunguke juu ya karatasi huku ya upande wa pili yakipokea umeme, kisha geuza.

Behewa linaloacha reli mara kwa mara kwa kawaida ni jepesi. Kanuni ni gramu 28 za kuanzia, ongeza 14 kwa kila sentimita mbili na nusu, kwa hiyo la sentimita 16 liwe na kama gramu 118. Risasi za balansi za mafundi tairi, gramu 5 na 10 zenye gundi nyuma, zinabandikwa sakafuni kwa ndani. Likiendelea kuanguka, pima kati ya gurudumu na gurudumu kwa ndani, iwe karibu milimita 14.5.

Sasa uendeshaji, ambao ndio unaofanya meza isigeuke kabati. Treni inayozunguka tu inachosha ndani ya wiki mbili. Fuata sheria ya njia moja: kipande kati ya Dodoma na Bahi kina treni moja, na mwenye kijiti cha ruhusa ndiye mwenye njia. Mjukuu akiwa stesheni masta wa Bahi, babu hatoki Dodoma mpaka akabidhiwe. Kasi ya kilomita 50 kwa saa mezani ni sentimita 16 kwa sekunde, sekunde 36 kwa mzunguko. Hesabu mizunguko minne kuwa safari moja. Kila behewa lipewe kadi: tangi la mafuta lishushwe Dodoma lirudi Dar tupu, gunia za mpunga zipakiwe Bahi, mahindi yaende maghala ya Kizota. Utamu uko kwenye njia ya ghala ambayo mdomo wake unatazamana na treni inayokuja. Kichwa hakiwezi kurudisha behewa humo kikiwa mbele yake. Lazima kikate, kizunguke kupitia njia ya kupishania, kirudi nyuma ya behewa ndipo kilisukume, na muda wote huo treni ya abiria iko Bahi inasubiri. Weka njia moja ya namna hiyo na nyingine inayoelekea upande wa pili.

Kwa wanaotumia umeme wa ukutani, ukikatika katikati ya ratiba rudisha kitasa cha kontrola kwenye sifuri papo hapo. Ukirudi kikiwa wazi, kichwa kinaondoka kwa kasi yote na wewe bado unatafuta tochi.